Mpakato Isiyolala

Aliyeiita mpakato alijua:
kitu cha kupakatwa, kama mtoto.
Yangu haikuwa na matata. Miaka minne
nafunika, inalala;
nafunua, inaniuliza nywila kwa upole.

Hadi ile Jumatano ya sasisho.
Sikuligusa mimi. Lilijileta usiku
likaandika: usizime, usichomoe waya,
asilimia arobaini na mbili,
arobaini na mbili,
arobaini na mbili,
nami nimekaa Tandika naomba umeme usikatike,
Luku imebaki uniti tatu.
Likamaliza. Likasema ahsante.

Alhamisi nikaitia begini, nikaenda kwenye kikoba.
Njiani mgongo unaungua, nikadhani ni jua.
Nilipoitoa niwasomee wenzangu hisa zao
ilikuwa ya moto kama chapati ya Bi Mwanamkuu,
na chaji hamna.
Somoe akasema, "Mweka hazina, hela zetu ndiyo zimeungua?"
Wakacheka wote. Nami nikacheka, kidogo.

Siku nne nikailea.
Nimelea watano, mbinu ninazo.
Nikachomoa kipanya. Nikazima mtandao.
Nikaizima yenyewe, nikaiwasha, nikaifunika,
nikaitegea sikio ubavuni kama mwenye chango:
feni inanong'ona.
Saa nane za usiku, nje ya chandarua,
ukucha wa mwanga chini ya kifuniko.
Nikasema, wewe, lala.
Nikajisikia nikisema.

Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, nyuma ya duka la mapazia,
fundi Kibwana hakushika hata bisibisi.
Aliandika mstari mmoja, herufi nyeupe kwenye weusi.
"Nimeiuliza, nani alikuamsha?"
Ikajibu, tena kwa urefu, kama mshitaki:
Mtandao, saa saba na dakika sita.
Mtandao, saa saba na dakika tisa.
Kipanya, ambacho kilikuwa kabatini.
Saa yake mwenyewe, ikitazama
kama kuna sasisho jingine.

"Mama, hii haijalala tangu Jumatano.
Inafumba macho tu.
Wameibadilishia usingizi. Huu mpya
ni wa mang'amung'amu: mwili kitandani, sikio mlangoni,
isije ikapitwa na ujumbe."
Nikamwambia, basi irudishie ule wa pono.
Akashuka chini kabisa, kwenye menyu ya bluu
isiyotambua kipanya,
akapekua kwa vishale, juu, chini,
kama mtu anayechambua mchele wa mkopo.
Haupo. Mahali pake pamebaki mstari mtupu.
Na kulirudisha nyuma sasisho lenyewe?
"Likikwama njiani utaondoka hapa na sinia."

Akafanya alichoweza. Kila ukifunika
iandike kwanza yote iliyo nayo kichwani,
iyaweke kwenye diski, halafu ijizime kabisa,
isimsikie mtu.
"Itachelewa kuamka. Uivumilie."
Alitaka elfu kumi na tano. Tukamalizana kwa kumi na mbili
na chaja ya zamani niliyokuwa siitumii.

Usiku huo niliipakata sebuleni,
nikafunga hesabu za Somoe na wenzake, nikafunika.
Ikaandika. Ikaandika. Kijitaa kikafa.
Nikaweka sikio: kimya,
hata jirani aliyewasha pampu ya maji hakuishtua.
Niliionea wivu, nakiri.

Nikazima taa. Simu iko chini ya mto, sauti juu,
maana Rehani yuko zamu ya usiku Mwananyamala
na hupiga anapopata nafasi.

Saa saba na dakika sita ikatetemeka.
Kampuni ya simu, inaniuzia bando la usiku.

Nikafumba macho.